Maji ya Kuku, Maji ya Mgeni

Kuku hatoi jasho. Nilifuga kuku wa nyama miaka sita kabla sijalijua hilo, na siku nilipoambiwa nilisimama katikati ya duka la dawa za mifugo nimekodoa macho. Mtu unakaa na kiumbe kwenye ua mmoja, unamlisha, unamnywesha, unamchinja na kumla, na hujui kwamba hana hata tone la jasho. Joto lake lote analitolea mdomoni. Anapanua mdomo, anaachanisha mabawa, koo linapiga haraka haraka, na kwa pumzi hiyo tu anapambana na jua zima la Dodoma. Subhanallah. Mpaka leo nikiingia bandani saa saba mchana nikawasikia wanahema wote kwa pamoja, huwa nanyamaza, na majirani zangu hapa Chang'ombe watakwambia kwamba mimi si mtu wa kunyamaza.

Mimi ni mzaliwa wa Kolo, huko Kondoa. Niliolewa mjini nikiwa binti, nikazaa, nikalea, na wanangu walipotawanyika kila mmoja na njia yake, nyumba ikaniwia kubwa. Ndipo nikajenga banda nyuma ya jiko. Maranda ya kutandika nafuata Kizota kwa mafundi seremala, maji nachota kwenye kisima cha jirani, kazi nyingine zote nafanya mwenyewe. Mama yangu hakuwapenda kuku hao tangu mwanzo. Alisema kuku wa kienyeji jua likiwaka anajua kujitafutia kivuli chini ya mkokoteni, lakini hawa wangu wanakaa pale pale walipo wakisubiri kufa. Nikamjibu kwamba hata binadamu wapo wa namna hiyo. Tulikuwa tunataniana sana mimi na mama, zamani.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, ndio mwezi ninaouogopa. Ni katika mwezi huo baba aliugua. Alinipigia simu mwenyewe, sauti ikiwa bado nzima, akaniambia nije nimwone. Nikamwambia, "Nitakuja wiki ijayo baba, kuku wakishauzwa. Joto hili nikiwaacha siku moja watakwisha." Akacheka kidogo. Akaniuliza, "Kwani wanakunywa maji gani hao kuku wako?" Nikamjibu wanakunywa maji tu, maji ya kisima, wanywe maji gani tena. Akasema, "Haya, mama." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Siku ya nne yake, alfajiri, nikapigiwa simu kwamba baba hatunaye. Sisi hatulazi maiti. Wangemzika baada ya swala ya adhuhuri, na kwa barabara ya siku hizi nilikuwa na nafasi ya kufika nikamwona uso. Nasema kweli yangu kwa sababu nimechoka kuificha. Badala ya kwenda stendi moja kwa moja, nilibaki nikilowesha magunia ya kuning'iniza kwenye madirisha ya banda. Nikajaza vyombo vya maji. Nikazunguka kumtafuta mtu wa kumwachia ufunguo. Nilipofika Kolo, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, na udongo bado uko kwenye miguu yao.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Nilimwangukia nikalia. Aliniacha nilie, kisha akaagiza maji. Kikombe kilipoletwa alikipokea yeye, akaonja funda moja, halafu akanipa.

Ngoja niseme maana yake. Katika nyumba ya mama yangu, mgeni hapewi maji mpaka anayempa ameonja mbele yake, ili mgeni aone kwamba maji ni mazuri na mkono unaompa ni salama. Mtu wa nyumbani haonjewi. Mtu wa nyumbani anachota mtungini mwenyewe, au anapewa tu akanywa. Tangu nizaliwe, mama hakuwahi kunionjea maji. Shangazi aliyekuwa karibu yetu aliliona lile tendo, akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Niliyanywa yale maji yote. Sikujua nifanye nini kingine.

Mama hakunigombeza, si siku ile wala baadaye. Heri angenigombeza, mimi magomvi nayaweza. Siku ya arobaini, mbele ya wanawake wote, nikasema kwamba ikifika dua ya mwaka ya kumrehemu baba, kuku watatoka kwangu. Wale waliomwosha, waliochimba kaburi, waliobeba jeneza, wote watakula chakula cha mkono wangu. Mama akaniangalia. "Kuku hao hao?" akauliza. Nikasema hao hao. Akasema haya, tutaona. Mwaka ule nilikwenda Kolo mara nne zaidi, na mara zote nne alionja maji kabla ya kunipa.

Basi nikahesabu majuma vizuri, nikaingiza vifaranga mia moja na ishirini ili nipate kuku themanini wa dua. Hesabu ikaangukia mwezi wa kumi ule ule, maana mwaka ni mwaka. Safari hii nikasema sikubali kushindwa na joto. Nilikuwa nimesikia kwa wafugaji wenzangu habari za unga wa kuchanganya kwenye maji, wenye vitamini na chumvichumvi, unaomsaidia kuku kustahimili joto. Nikaununua. Kwenye pakiti wameandika kipimo, lakini mimi nikaongeza, kisha nikaongeza tena, nikajiambia nani amewahi kufa kwa vitamini.

Kuku wakaanza kunywa maji kwa wingi wa ajabu. Nilifurahi sana. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakigombea vyombo, nikajua dawa inafanya kazi. Siku mbili baadaye maranda yakalowa chapachapa kwa kinyesi cha majimaji. Nikasema ni joto hilo, nikaongeza dawa. Siku ya tatu nikakuta watatu wamelala chali, kesho yake saba, na wengine wakitembea wanapepesuka kama watu waliotoka kilabuni. Nikaongeza dawa. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mimi Idi yangu ilikuwa bado.

Mama akafika katikati ya balaa hilo, wiki mbili kabla ya dua. Alikuja kupimwa macho hospitalini, halafu turudi naye Kolo pamoja. Nikampokea kwa heshima zote. Nilimtandikia kitanda changu, nikamnunulia maji ya chupa, na hata chai nilimpikia kwa maji ya chupa, kwa sababu alikuwa mgeni wangu na mimi nilitaka aone ninavyoweza kukaa na mgeni. Alikunywa, akashukuru, akasali, akalala. Hakuuliza habari za kuku. Mimi nikawa nawafukia waliokufa kwenye shimo nyuma ya choo kabla hajaamka, ili asione.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Asubuhi ya siku ya tatu nilitoka chumbani nikamkuta uani amejifunga kanga kiunoni, ameshika ndoo ya maji niliyokwisha kuchanganya dawa, anaelekea bandani.

"Mama, weka chini, nitawapa mwenyewe," nikamwambia.

"Macho ndiyo mabovu, mikono ni mizima," akajibu. Na hapo kabla ya kumimina akachota kidogo kwa kiganja, akaonja.

Sidhani hata alifikiria. Mkono wake umeonja maji ya kumpa mwingine maisha yake yote, ukaonja na haya. Alitema pale pale. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akatema tena.

Nikamwambia, "Hayo yana dawa ya kuku, mama. Ndiyo maana."

Akaenda kwenye pipa, ninapoweka maji ya kisima ambayo hayajatiwa kitu. Akachota, akaonja, akatema. "Na haya ya chumvi nayo yana dawa?" akauliza.

Nikachota na mimi, nikanywa funda zima. Sikusikia kitu. Yalikuwa maji tu. Nikanywa tena, nikayazungusha mdomoni, nikatafuta ile chumvi kama unavyotafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka, sikuiona. Hapo niliogopa kidogo, nasema kweli. Nilizaliwa kwenye maji matamu ya vilimani, na ulimi wangu mwenyewe, uliomo kinywani mwangu, ulikuwa umesahau bila kuniaga. Miaka yote hii Chang'ombe nimekunywa chumvi, na nimewapa wageni wangu chumvi na kuwaambia karibuni maji.

Mama akaweka ndoo chini. Akasema, "Baba yako alikuja hapa kwako mwaka ule ulipojenga banda. Aliporudi aliniambia maji ya binti yetu ni ya chumvi, hata chai haishuki. Nikamuuliza kwa nini hukumwambia. Akasema ataona aibu, na amenipokea vizuri, mwache."

Nikakumbuka simu ile. Wanakunywa maji gani hao kuku wako. Mzee anaumwa, amebakiza siku nne duniani, na bado anatafuta njia ya kuniambia jambo bila kuniaibisha, na mimi nikamjibu maji tu. Nilikaa kwenye ngazi ya jiko nikalia. Mama alisimama pale pale na ndoo yake. Hakunifuta machozi, lakini hakuondoka.

Nilipomaliza kulia nilichukua chupa mbili, moja ya maji ya kisima na nyingine yenye dawa, nikaenda nazo dukani. Bwana mifugo wa pale ni kijana wa Kigogo, mpole, umri wa mwanangu wa kwanza. Akanisalimia, "Shikamoo mama," akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuku hatoi jasho. Akanieleza kwamba kuku akihema kupita kiasi, ile pumzi inatoka na kitu ambacho damu yake inakihitaji, damu inakosa uwiano wake, na chumvichumvi za mwilini zinapotea. Unga ule kazi yake ni kurudisha kilichopotea. "Dawa yako ni nzuri sana, mama," akasema. "Ila maji yako yalikuwa yameshajaa chumvi kabla hujayatia dawa. Hata kwa kipimo cha pakiti ingezidi." Nikamuuliza mbona walikuwa wanakunywa sana. Akaniangalia kwa huruma. "Ungekula dagaa wa chumvi usingekunywa?"

Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo. Waliobaki bandani walikuwa tisini na mmoja.

Maji ya bomba mtaani kwetu ni ya mgao, lakini chumvi yake ni afadhali. Nikaanza kuyavizia, nikajaza kila chombo ndani ya nyumba, mpaka beseni la kuogea. Mama akasema maji yasikae kwenye mapipa ya plastiki juani, tukanunua mitungi miwili tukaifukia nusu kwenye mchanga kivulini. Bwana mifugo alikuwa ameniambia niwaondolee chakula kuanzia saa nne mpaka saa kumi jioni, kwa sababu kusaga chakula nako kunampa kuku joto, na akasema kilicho salama kwao kwa sasa ni vitamini C bila chumvi. Vitamini hiyo, akaniambia, inapatikana pia kwenye vitu vichachu kama malimau na ubuyu. Nilipomsimulia mama yote hayo, akaniuliza kama kuku wamekatazwa ubuyu. Nikampigia bwana mifugo simu. Akasema hajakataza, tuweke kidogo tu, tuwaachie na maji matupu pembeni, na kila siku tuoshe vyombo. Basi mama akawa anachekecha unga wa ubuyu kwa chujio la chai, macho yake karibu na chujio, na mimi nikawa nasugua vyombo.

Wawili wakafa siku ile, mmoja siku iliyofuata, kisha mmoja tena. Themanini na saba. Nililala na namba hiyo, nikaamka nayo. Wakifa wanane tu zaidi, nitakwenda Kolo na kuku pungufu na ahadi pungufu, na mama atanionjea maji mpaka nife.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Tuliweka vyombo sita upande wa kushoto vyenye maji ya ubuyu, na sita upande wa kulia vyenye maji matupu. Siku mbili za kwanza kuku walikunywa huku na huku, ovyo. Siku ya tatu, ilipofika saa saba na bati linalia kwa joto, nikiwa nimekaa mlangoni na mama kwenye vigoda, tuliona kundi zima limehamia kushoto. Vyombo vya kulia vimesimama wazi, maji safi, baridi kutoka mtungini, na hakuna wa kuyagusa. Wanachovya mdomo kwenye ubuyu, wanainua kichwa, wanafumba macho, wanachovya tena. Nikasema labda ni kivuli. Nikavibadilisha vyombo, vya kushoto nikavihamishia kulia. Wakasimama kidogo, wakaonja, wakahama wote.

Jioni, upepo ulipoanza kupoa, wakarudi taratibu kwenye maji matupu. Kesho yake saa saba, wakahama tena. Sisemi ni sayansi, mimi ni mama wa nyumbani na nasema nilichoona. Lakini hawa ndio kuku tuliowaita wajinga, kuku wasiojua kujitafutia kivuli. Wana wiki tano duniani, hawana mama aliyewafundisha, hawajawahi kuliona jua isipokuwa kwa dirishani, na ulimi wao unajua nini damu yao imepungukiwa na saa ngapi. Wangu mimi, mwenye wajukuu, ulishindwa kunijulisha chumvi. Nilimgeukia mama nimwambie, nikakuta naye ameshika kidevu, anatazama kwa yale macho yake yenye ukungu.

"Nani amewaambia?" akauliza. Si mimi alikuwa ananiuliza.

Tulikaa pale mpaka alasiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kukaa na mama bila kutafuta sababu ya kuinuka.

Baada ya wawili wengine, kuku wakaacha kufa. Siku ya safari tuliwapakia kwenye matenga mara baada ya swala ya alfajiri, themanini na watano, na mtungi mdogo wa maji ya ubuyu tukauweka miguuni mwa mama kwenye gari ya kukodi. Kila tulipopumzika tuliwanywesha kwa kikombe. Tulipoanza kuingia kwenye vilima, hewa ikabadilika, na kule nyuma nikasikia ule mhemo wao unapungua, unapungua, mpaka ukaisha kabisa. Dereva akauliza kama wamekufa. Mama akamwambia aendeshe, kuku wamefika nyumbani.

Walichinjwa asubuhi ya dua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kasoro. Wanaume waliobeba jeneza la baba walikaa kwenye majamvi wakala pilau, na mmoja wao, mzee aliyeingia kaburini kumpokea, aliuliza kuku hawa wametoka wapi. Mama akajibu kabla yangu. "Wa binti yake," akasema. Mimi nilikuwa kule nyuma kwenye mafiga, uso umeniiva, kanga imelowa mgongoni, nikishukuru kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kwamba Mungu amenipa jasho.

Nikamwona mama anakuja na kikombe cha bati. Nikanyoosha mgongo. Nilijua utaratibu, nikasubiri aonje. Alisimama mbele yangu amenishikia kikombe, hakukipeleka mdomoni. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, na mimi nilikuwa naangalia tu mkono wake.

"Unashangaa nini?" akaniuliza. "Kunywa, kisha ukaoshe masufuria."